Hati ya polisi ni safi: je, inatosha kumwajiri?

Swali la msomaji

Shikamoo, mtaalamu. Nasimamia makao madogo ya kulea wazee. Wengi wao wamepoteza kumbukumbu, na tunao pia watu wazima wachache wenye ulemavu wa akili. Nina nafasi mbili za kazi na waombaji wawili waliofika hatua ya mwisho. Wa kwanza ni muuguzi: leseni anayo, hati ya polisi safi, barua za sifa nzuri, ila ndani ya miaka sita amefanya kazi sehemu nne. Wa pili ni mhudumu wa kawaida. Alihukumiwa kwa wizi dukani miaka kumi na mitatu iliyopita, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, na alilisema mwenyewe kabla sijamuuliza. Bodi yangu inataka tumchukue wa kwanza mara moja, aanze hata wiki hii, na wa pili tumwache. Moyo wangu unasita lakini sina hoja ya kuwapa. Hati ya polisi haitoshi?

Jibu

Marahaba, dada yangu. Haitoshi. Na kwa maelezo uliyonipa, mtu ambaye ningetaka umpekue zaidi kabla ya kumkabidhi funguo ni yule muuguzi. Huenda ndiye mfanyakazi bora utakayewahi kumpata, simhukumu. Ila karatasi zake, pamoja na usafi wake wote, bado hazijajibu swali linalokusumbua.

Tuanze na hati yenyewe, maana bodi nyingi huiegemea bila kujua imebeba nini. Hati ya mwenendo mwema inasema kwamba hadi siku ilipotolewa, katika kumbukumbu zilizopekuliwa, kwa majina na alama za vidole zilizowasilishwa, haikuonekana hukumu inayopaswa kutajwa. Hapo pana matundu mengi. Hukumu ya nchi nyingine mara nyingi haimo. Hukumu ambayo sheria inaruhusu isitajwe baada ya muda fulani haimo. Malalamiko yaliyofika polisi yakaishia mezani kwa kukosa ushahidi, kwa kawaida nayo hayamo. Sasa wafikirie watu unaowalea. Mzee asiyekumbuka kilichompata asubuhi atatoaje ushahidi jioni? Mtu asiyeweza kuongea atamtajaje aliyemfinya? Makosa dhidi ya watu wa namna hii hufika mahakamani kwa taabu kuliko karibu makosa mengine yote. Hati inayohesabu hukumu peke yake haioni vizuri mahali pale pale unapotaka ione.

Nitakupa visa vitatu uvipeleke kwenye bodi, vyote vya hadharani na vyote vimechunguzwa na vyombo vya dola.

Charles Cullen alikuwa muuguzi katika majimbo ya New Jersey na Pennsylvania, Marekani. Kwa miaka 16 alipita hospitali tisa na nyumba moja ya wazee, mpaka alipokamatwa Desemba 2003. Mahakamani alikiri mauaji 29 ya wagonjwa. Sehemu kadhaa aliondoka huku wenzake wakimshuku, na waajiri wake, kwa kuogopa kushtakiwa, wakawa wakiulizwa wanajibu tarehe ya kuanza na tarehe ya kuacha, basi. Baadaye New Jersey ilitunga sheria, mwaka 2005, inayozilazimu taasisi za afya kuripoti mienendo ya hatari na kujibu kwa ukweli mwajiri mpya anapouliza.

Ujerumani wana Niels Högel, muuguzi wa wagonjwa mahututi. Hospitali aliyokuwa akifanya kazi mjini Oldenburg ilipoanza kuona vifo na dharura vinaongezeka kwenye zamu zake, ilimwondoa, ikampa barua nzuri ya sifa, naye akaendelea kuua katika hospitali ya mji wa Delmenhorst. Mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya watu 85.

Cha tatu ndicho kinachofanana zaidi na makao yako. Elizabeth Wettlaufer, muuguzi wa Ontario, Kanada, aliwaua wazee wanane kwa kuwadunga insulini, wote wakiwa wakaazi wa nyumba za kulelea wazee. Mwaka 1995 alikuwa amefukuzwa hospitali kwa sababu ya dawa alizoiba kazini, lakini baada ya mvutano kufukuzwa kule kukaandikwa kuwa ni kujiuzulu. Mwaka 2014 akafukuzwa tena, safari hii kwa kukosea dawa, na bado akaondoka na barua nzuri. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti mwaka 2019 ilisema kwamba kama asingekiri mwenyewe, mauaji yale yasingegundulika.

Tazama taarifa zilikuwa wapi katika visa vyote vitatu. Zilikuwa kwenye mafaili ya utumishi, kwenye daftari la dawa, na kwenye vinywa vya wauguzi wa zamu ya usiku. Ndiyo maana nikiambiwa nichague kati ya hati ya polisi na nusu saa ya kuzungumza kwa simu na mtu aliyekuwa akimsimamia mwombaji, nachagua simu. Kwa bahati nzuri hulazimiki kuchagua.

Simu hiyo ina namna yake ya kupigwa, na hapa ndipo wasimamizi wengi hujirahisishia. Usipige namba iliyoandikwa kwenye wasifu wa mwombaji. Tafuta mwenyewe namba ya taasisi, pita mapokezi, omba ofisi ya utumishi na kisha msimamizi wake wa moja kwa moja. "Mdhamini" anayepatikana kwa namba binafsi tu anaweza kuwa shemeji yake. Ukimpata msimamizi, usiulize kama alikuwa mfanyakazi mzuri. Kila mtu hujibu ndiyo, hasa kwa mtu aliyekwisha kuondoka. Uliza mambo ambayo ni vigumu kuyajibu kwa heshima tupu: Ungemrudisha kazini leo? Alipoondoka, palikuwa na uchunguzi au lalamiko lolote lililokuwa halijafungwa? Je, kuna wakati aliondolewa zamu za usiku, au alinyang'anywa ufunguo wa kabati la dawa? Kuna familia iliyowahi kuomba asimhudumie ndugu yao? Kisha nyamaza. Msimamizi akivuta pumzi ndefu kabla ya kujibu la kwanza, hapo umeshapata mahali pa kuchimba.

Wengine watakuambia kwamba utaratibu wao ni kuthibitisha tarehe tu. Usilichukulie hilo kuwa ishara mbaya. Taasisi nyingi hufanya hivyo kwa kila mtu, kwa ushauri wa mawakili. Waulize kama ndivyo wanavyofanya kwa wote. Halafu mwombe mwombaji atie sahihi barua ya kuwaruhusu wafungue faili lake kwako. Asiye na la kuficha husaini kwa kawaida, pengine kwa kununa kidogo. Anayekataa ana haki ya kukataa, na wewe una haki ya kuendelea kutafuta mtu mwingine. Andika nani alisema nini, tarehe gani. Siku jambo likiharibika, daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama ulifanya kazi yako.

Kuhusu kazi nne katika miaka sita: usimkatie hukumu kwa hilo. Katika sekta hii mikataba ni mifupi, mishahara ni midogo, watu huhama. Mwambie akuandikie historia yake mwezi kwa mwezi, tangu alipomaliza chuo, pamoja na miezi aliyokaa bila kazi na sababu yake. Kulea mzazi mgonjwa, kujifungua, kuumwa, kusoma, kukosa kazi tu: zote ni sababu za halali na nyingi zinaweza kuthibitishwa bila kumdhalilisha mtu. Ninachokitafuta mimi ni tarehe zinazogongana, kituo kilichotajwa kwenye usaili lakini hakimo kwenye wasifu, na kuondoka ghafla katikati ya mwezi. Muuguzi anayehama kwenda kwenye mshahara mkubwa hueleweka upesi. Anayehama kwenda kwenye mshahara mdogo, mbali zaidi, bila taarifa ya mwezi mmoja, aulizwe.

Halafu leseni. Umesema anayo. Uliiona, au ulithibitisha? Hayo ni mambo mawili. Karatasi hutengenezwa. Zholia Alemi alifanya kazi Uingereza kama daktari wa magonjwa ya akili kwa zaidi ya miaka 20 kwa shahada ya kughushi ya Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Barua ya kuthibitisha shahada hiyo ilikuwa hata na makosa ya tahajia, na ikapita. Hakunaswa na upekuzi wa ajira. Alinaswa baada ya kuhukumiwa mwaka 2018 kwa kughushi wosia wa mjane mzee aliyekutana naye kwenye kliniki ya wenye matatizo ya kumbukumbu, pale mwandishi wa habari wa eneo hilo alipoamua kuwauliza chuoni kama kweli alihitimu. Mwaka 2023 akafungwa miaka saba kwa udanganyifu wa sifa, na baraza la madaktari la nchi hiyo lilikuwa limelazimika kupitia upya nyaraka za madaktari wapatao 3,000 waliosajiliwa kwa njia kama yake. Kazi ya ulizo moja kwa chuo!

Kwa hiyo ingia kwenye rejista ya baraza la wauguzi, au wapigie, na utafute kwa namba ya usajili na si kwa jina peke yake. Angalia kama leseni iko hai, kama ina masharti, kama kuna shauri la nidhamu. Ikiwa amewahi kusajiliwa nchi nyingine, omba barua ya hadhi njema itoke kwa baraza la huko kuja kwako moja kwa moja bila kupitia mikononi mwake. Marekani tangu mwaka 1990 wana hazina ya taifa ya kumbukumbu ambamo hatua za nidhamu dhidi ya madaktari, na baadaye wataalamu wengine wa afya, huwekwa pamoja, ili aliyefungiwa jimbo moja asiibukie jimbo jingine. Sehemu nyingi za dunia hazina kitu cha namna hiyo, kwa hiyo kazi hiyo inakuangukia wewe na simu yako.

Na majina. Muulize majina yote aliyowahi kutumia, ya kabla ya ndoa na ya baada ya ndoa, na upekuzi ufanyike kwa yote. Uingereza walijifunza hili kwa uchungu mwaka 2002, wasichana wawili wa miaka kumi walipouawa na Ian Huntley katika mji mdogo wa Soham. Mtu yule alikuwa ametumia jina jingine, Nixon, alipoomba kazi ya utunzaji wa shule, na tuhuma kadhaa za ngono na wasichana wadogo zilizowahi kuwafikia polisi wa mkoa mwingine hazikumfikia mwajiri. Uchunguzi uliofuata ndio uliozaa sheria ya mwaka 2006 ya kuwalinda watoto na watu wazima wasioweza kujitetea. Leo nchi hiyo ina orodha mbili za watu waliozuiwa, moja ya kazi za watoto na nyingine ya kazi za watu wazima wenye uhitaji, na upekuzi wa ngazi ya juu unaweza kubeba hata taarifa za polisi ambazo hazikufika kwenye hukumu, zikionekana kuhusika. Kama nchi yako ina orodha ya aina hiyo, kuikagua ni lazima, na kumwajiri aliyezuiwa kunaweza kuwa kosa lako wewe mwajiri.

Sasa tuje kwa yule wa pili, ambaye bodi imemtupa nje kwa kuangalia mstari mmoja.

Mwaka 2011 wakaguzi wa wizara ya afya ya Marekani walilinganisha majina ya wafanyakazi wa nyumba za wauguzi, zile za kutunzia wazee na wagonjwa, na kumbukumbu za FBI. Asilimia 92 ya nyumba hizo zilikuwa na angalau mfanyakazi mmoja mwenye hukumu ya jinai. Kwa wafanyakazi wote waliotazamwa, walikuwa asilimia 5, na makosa yaliyoongoza yalikuwa ya mali: wizi, uvunjaji, hundi zisizo na fedha. Kwa maneno mengine, mwombaji wako si kiumbe adimu. Watu wa aina yake tayari wanageuza wazee vitandani na kuwaogesha kila mahali duniani, na wengi wao waajiri wao hawajui. Wewe umebahatika kujua, tena kutoka kinywani mwake.

Watafiti Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura walifuatilia rekodi za watu waliokamatwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1980, wakachapisha mwaka 2009 waliyoyaona: kadiri miaka inavyopita bila kosa jipya, uwezekano wa mtu kukamatwa tena hushuka, hadi kufikia kiwango cha watu wa rika lake kwa jumla. Kwa makosa waliyoyapima ilichukua miaka kadhaa, chini ya kumi. Wako ana kumi na mitatu. Sichukui matokeo hayo nikayatandaza juu ya kila kosa. Mtu aliyewahi kumdhuru kingono au kumpiga mtu aliyemtegemea, kwangu hakuna idadi ya miaka inayomrudisha kwenye chumba cha kulala cha mzee. Vivyo hivyo aliyemwibia mgonjwa. Lakini wizi wa dukani wa kijana wa miaka kumi na tisa?

Kinachotakiwa ni tathmini ya hatari, iandikwe, ijadiliwe na bodi, itiwe sahihi. Lilikuwa kosa gani, dhidi ya nani, katika umri gani? Amefanya nini tangu hapo? Alichosimulia kinalingana na kilichoandikwa kwenye hukumu? (Omba nakala. Wapo wanaokiri kosa dogo ili usiulize kubwa.) Na kazi unayompa inamkutanisha na kishawishi kile kile? Ikiwa atashika pesa za wakaazi za matumizi madogo, mwondolee jukumu hilo mwaka wa kwanza, au pesa zihesabiwe na wawili. Ukweli ni kwamba pesa za wakaazi zilipaswa kuhesabiwa na wawili tangu zamani, awepo asiwepo.

Kuna mfano unaopinda upande wa pili, na ni vizuri bodi iujue ili isidhani nasema hukumu za zamani hazina maana. Mwaka 1976 daktari kijana wa Uingereza alipatikana na hatia ya kughushi maagizo ya dawa ili ajipatie pethidini, dawa kali ya maumivu. Alipigwa faini, akatibiwa, baraza likamwonya kwa barua, akarudi kazini mwaka uliofuata mjini Hyde. Aliitwa Harold Shipman. Uchunguzi wa umma ulihesabu baadaye wagonjwa 215 aliowaua, wengi wao wazee, kwa dawa ya jamii ya mofini. Kosa lake la zamani lilijulikana na halikuwa la pembeni: lilihusu dawa zile zile za kudhibitiwa, kazi ile ile, mamlaka yale yale ya kuandika maagizo. Lilionekana, halafu hakuna aliyeweka udhibiti juu ya dawa alizokuwa akichukua. Ukilipima kosa kwa ukaribu wake na kazi, la Shipman ni zito kuliko la mwombaji wako mara nyingi, hata kama yeye alitoka na faini tu.

Bodi inataka muuguzi aanze wiki hii. Najua shinikizo hilo: zamu zina mapengo, waliopo wamechoka, na hati yenyewe tayari mnayo. Lakini simu kwa sehemu nne na ulizo kwa baraza si kazi ya miezi. Asubiri. Mkishindwa kabisa kusubiri, aanze mafunzo na kazi za mchana akiwa na mwenzake muda wote, bila ufunguo wa dawa, bila zamu ya usiku, bila kumwogesha mtu peke yake, na mkataba useme wazi kwamba ajira haijakamilika hadi upekuzi uishe. Kinachonitisha katika mpango huo ni kwamba baada ya wiki mbili kila mtu humzoea, usiku mmoja anakosekana mtu, na masharti yote yanayeyuka kwa "msaidie leo tu".

Na upekuzi huu si wa wauguzi pekee. Anayekaa peke yake na wakaazi, au mwenye funguo, apekuliwe: mpishi, dereva, mlinzi, fundi, mtu wa kujitolea anayekuja kuimba nao siku za ibada, wafanyakazi wa muda mnaoletewa na mawakala. Usikubali neno la wakala kwamba "tumeshawakagua", omba uone. Katika hospitali za Kent, Uingereza, fundi umeme David Fuller aliajiriwa akiwa na hukumu za zamani za uvunjaji wa nyumba ambazo hakuzitaja, na kwa miaka kumi na mitano, hadi 2020, aliinajisi miili ya wanawake na wasichana wasiopungua 101 katika vyumba vya maiti. Ripoti ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba katika mwaka mmoja aliingia humo mara 444. Mlango wa kielektroniki ulizihesabu zote. Hakuna aliyeuliza fundi anatafuta nini humo kila siku.

Hapo ndipo ningependa bodi yenu itumie muda wake mwingi kuliko kwenye karatasi, yaani kwenye yanayotokea baada ya mtu kuajiriwa. Shirika la Afya Duniani limekusanya tafiti za taasisi za kulea wazee, na wafanyakazi wawili kati ya watatu wamekiri kwamba katika mwaka uliotangulia walimtendea mzee vibaya kwa namna fulani. Wawili kati ya watatu hawawezi kuwa wahalifu waliopenya upekuzi. Ni watu wa kawaida, hati zao safi, wamechoka, hawana wa kuwasimamia, wamezoea kusikia mzee akipiga kelele. Hakuna upekuzi wa kabla ya ajira utakaowazuia. Kinachozuia ni wewe kutokea saa nane za usiku bila taarifa. Ni dawa kuhesabiwa na watu wawili kila zamu inapobadilishana. Ni kitabu cha michubuko na maanguko kinachosomwa kila mwezi kwa kutazama zamu za nani. Ni familia kujua kwamba zinaweza kufika saa yoyote.

Na ni njia ya malalamiko isiyopita kwa mtu anayelalamikiwa. Katika hospitali ya Winterbourne View karibu na Bristol, waliyokuwa wakikaa watu wenye ulemavu wa akili, muuguzi mwandamizi aliripoti mateso kwa wakubwa wake na kwa wakaguzi wa serikali, hakushughulikiwa. Ikabidi mwandishi wa BBC aajiriwe humo kwa siri akiwa na kamera, na kipindi kilipoonyeshwa mwaka 2011 wafanyakazi 11 wakatiwa hatiani.

Hati nayo huzeeka tangu siku inayotolewa. Uskoti walilitambua hilo: tangu mwaka 2011 mpango wao wa kuwalinda watu wenye uhitaji humfuatilia mwanachama muda wote, hivyo akihukumiwa katikati ya ajira taarifa huingia. Pasipo na mfumo kama huo, weka kwenye mkataba wajibu wa mfanyakazi kukueleza akikamatwa, akishtakiwa au akifunguliwa shauri la nidhamu na baraza, kisha rudia hati na ukaguzi wa leseni kwa muda mtakaoupanga. Wengi huchagua kila miaka miwili au mitatu. Leseni kila mwaka inapohuishwa.

Neno kuhusu uvumi. Utakapoanza kupiga simu utasikia mengi, na wahenga walisema lisemwalo lipo. Katika kazi hii methali hiyo imewaumiza watu wasio na hatia. Muuguzi aliyeripoti wizi wa dawa mara nyingi huondoka akiitwa mkorofi. Mtu wa kabila dogo au dini tofauti hupakwa lolote. Ukisikia jambo zito, uliza: nani aliona, liliandikwa wapi, lilichunguzwa na nani, likaishaje? Kisha mpe mwombaji nafasi ya kulijibu kabla hujaamua. Maelezo yake mkayapime na kilichoandikwa.

Waambie waombaji wote tangu tangazo la kazi kwamba watapekuliwa na kwa namna gani, uchukue idhini yao kwa maandishi, na kipimo kiwe kimoja kwa kila mtu, akiwemo mpwa wa mwenyekiti wa bodi. Yaliyopatikana yafungiwe, yasomwe na wachache. Ya waliokosa kazi yateketezwe baada ya muda ambao sheria ya nchi yako imeuweka. Gharama za upekuzi ningeshauri mzibebe ninyi. Mhudumu wa mshahara mdogo akilipishwa hati, mtakaowapoteza ni maskini, na maskini sio mnaowaogopa.

Kwa mwombaji wa pili: leta nakala ya hukumu, piga simu kwa waajiri wake kama kwa mwingine yeyote, andika tathmini, na yakilingana, mwajiri kwa kipindi cha majaribio cha kawaida. Kwa muuguzi: baraza kwanza, kisha zile sehemu nne, ukianza na aliyoitoka mwisho na ile aliyokaa muda mfupi kuliko zote. Sehemu ikigoma kabisa kuzungumza, mwombe muuguzi akutajie mfamasia au msimamizi wa zamu aliyefanya naye kazi pale, uthibitishe kwa mapokezi kwamba mtu huyo yupo kweli, ndipo uzungumze naye. Sehemu mbili zikinyamaza na yeye asiweze kukutajia hata mtu mmoja wa kuzungumza nawe kutoka humo, rudisha nafasi hiyo kwenye tangazo.